Amina kwa Kila Kilo

Jumanne walinipigia simu kutoka Tukuyu wakitaka niandike wasifu wa marehemu Mwalimu Subilaga. Nusu ukurasa tu, walisema, maana ratiba ya mazishi imebana na mvua za kule hazingoji mtu. Niweke alizaliwa wapi, alifundisha shule zipi, ameacha wajukuu wangapi, kisha nimalizie kwa kusema aliishi maisha ya furaha katika Bwana. Nikaandika. Nina mwandiko mzuri na sauti inayofika nyuma, ndiyo maana kila msiba wa watu wangu wasifu unaniangukia mimi. Alhamisi nikausoma kaburini, mtu mwingine akinishikia mwavuli, watu wakatikisa vichwa kukubali, na niliporudi kukaa mama mmoja akanibana mkono akasema, "Umemsema vizuri." Nilitamani kumjibu vibaya. Ule mwaka nilioishi na Mwalimu Subilaga nyumbani kwake Ibighi sikuuweka hata kwa nusu mstari. Sasa nimerudi kwangu Mbeya, nimevua viatu vyenye tope, watoto nimewafukuza sebuleni, na hasira bado haijanitoka. Hasira kwa nani, nitaeleza. Acha niandike hapa yale ambayo hayasomwi makaburini.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimefeli hesabu kidato cha nne, na sikuwa na pa kwenda. Ya nyumbani, kijijini Kisiba, nayaacha. Itoshe kusema nyumba ilijaa watu, na siku naondoka na kibegi changu hakuna aliyeuliza ninarudi lini. Mwalimu Subilaga alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, mwenye binti mmoja tu aitwaye Atu, aliyekuwa akifanya kazi Mbeya. Yeye alihitaji mtu wa kumsaidia kazi za nyumbani, mimi nilihitaji mtu wa kunifundisha hesabu nirudie mtihani. Nikampa shikamoo mlangoni, akaitikia, akanitazama kuanzia utosini hadi miguuni, kisha akasema, "Humu ndani, Tumpe, tunakula kwa saa, tunalala mapema, na hatunung'uniki. Ukiyaweza hayo tutaelewana." Nikasema nitayaweza. Akanionyesha chumba. Chumba kizima, jamani, peke yangu, mimi niliyezoea kulala watatu kitanda kimoja na kuamka nimebaki na pindo la blanketi. Dirisha lake lilitazama migomba, na siku ukungu ulipoamua kuondoka ningeuona mlima Rungwe wote, hadi juu. Nilifunga mlango, nikakaa kitandani, nikacheka mwenyewe kama mwehu.

Chakula cha nyumba ile nakikumbuka kuliko masomo yake. Saa moja kamili asubuhi, uji wa ulezi usio na sukari na nusu parachichi. Saa saba, ndizi za kuchemsha, maharage, na majani ya maboga ambayo hayajaonja mafuta. Jioni kabla giza halijaingia, gimbi moja na mboga, kisha jiko linafungwa, na ukisikia njaa unakunywa maji. Chai ilikuwa marufuku. Ndiyo, chai, Tukuyu! Waumini wenzetu walikuwa wanachuma majani ya chai wiki nzima, migongo inawauma, vidole vimekuwa vyeusi, halafu wanarudi nyumbani kunywa maji ya moto yenye mchaichai kwa sababu Mwalimu Subilaga alisema hivyo. Alikuwa anafundisha somo la afya kanisani kwetu kila siku ya ibada, alasiri, baada ya mahubiri. Maji, jua, mboga, kutembea, kulala, kusali. Alisema mwili ni nyumba ambayo Mungu ametupangisha, na mpangaji mwema haachi paa livuje. Alisema anayekula kwa kiasi na kuamka mapema kuomba anapata furaha ambayo haimwishii, iwe mvua, iwe njaa, iwe msiba. Nilikuwa nikimsikiliza kutoka benchi la nyuma na kuamini kila neno. Nani asingeamini? Mama mmoja wa mtaani kwetu, mumewe aliacha pombe kwa somo lile, akaanza kulima bustani ya kabichi. Mwingine aliyekuwa hapandi ngazi za kanisa bila kushikwa mkono alikuwa anazipanda huku anaimba. Somo halikuwa la uongo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Lingekuwa la uongo ningelitukana nikalala usingizi.

Na kulikuwa na mizani. Mzee Asajile, mzee wa kanisa, alikuwa karani wa kupima majani ya chai kwenye kituo cha wakulima. Alikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano chini na uso wa duara, na mtu fulani akabuni wazo kwamba kama inapima majani itapima na waumini. Wakaitundika kwenye boriti ya baraza la kanisa, wakafunga kibao kwa kamba kwenye ndoano kama bembea ya watoto. Kila mwisho wa mwezi, wanafunzi wa somo la afya walipanga mstari. Unakaa kwenye kibao, unashika kamba, unanyanyua miguu juu, unaning'inia hapo kama kapu la majani, na Mzee Asajile anakodoa macho kusoma. "Dada Neema, kilo themanini na moja! Mwezi jana themanini na tatu!" Na baraza zima linaitikia, "Amina!" Aliyepanda kilo hakusomwa kwa sauti, mzee alikohoa tu, akaandika. Tulikuwa tunacheka sana siku zile. Kina mama wanene walitaniana kwamba boriti ya kanisa itajaribiwa imani, na Mzee Asajile, mtu mkavu asiyejua utani, anasema, "Tafadhali, tafadhali, mshale wa mizani unatikisika." Mwalimu Subilaga alikuwa anapimwa wa mwisho, baada ya ushuhuda wake. Miaka michache nyuma aliambiwa ana kisukari, na kwa kuishi kama alivyofundisha alikishusha hadi daktari mwenyewe akashangaa. Alikuwa anasimama pale mbele, mrefu, kitambaa cheupe kichwani, na kusema, "Mkitaka kujua kama haya ni kweli, nitazameni mimi." Tukamtazama.

Mwanzoni mwa mwaka alipungua kilo moja, amina. Mwezi uliofuata mbili, amina. Kisha tatu. Kina mama waliokuja sebuleni kwake nyakati za jioni walikuwa wakimzunguka, mimi nikiwasikia kutoka jikoni nikiosha vyombo. "Mwalimu, umependeza jamani! Umerudi usichana!" "Mwe bandu, jamani watu, kiuno hicho, nani atakwambia una wajukuu?" Yeye alicheka, akawaambia siri ni maji. Ni kweli alikuwa anakunywa maji. Jagi nililokuwa nalijaza mara mbili kwa siku nikaanza kulijaza mara tano, mara sita. Alikuwa anatoka chooni na kurudi, anatoka na kurudi, katikati ya kunieleza milinganyo, na chaki anaiacha mezani. Halafu nikaona sisimizi. Choo chetu kilikuwa cha nje, kisafi kuliko vyumba vya kulala vya watu wengine, nilikuwa nakisugua mwenyewe kila asubuhi. Lakini kila asubuhi nilikuta mstari wa sisimizi umepanda sakafuni kama walioitwa karamuni. Nikamwaga majivu, wakarudi. Sikujua maana yake. Nilijua tu kwamba sikupenda kuwaona.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, baridi ya Tukuyu imeanza kung'ata, tulirudi kutoka matembezini. Tulikuwa tunatembea kila siku, mwendo wa saa nzima, kupanda na kushuka, yeye mbele mimi nyuma. Akakaa kwenye kiti cha barazani, nikainama kumvua viatu nivisafishe tope, kama kawaida. Kikadondoka kijiwe chenye ukubwa wa punje ya harage. Soksi ilikuwa imelowa damu kisiginoni. "Mwalimu," nikasema, "ulikuwa na jiwe ndani ya kiatu muda wote huu?" Akaangalia mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Jiwe gani?" Nikamwonyesha. Akalichukua, akaligeuzageuza. Kisha akaniagiza nimletee miwani kwenye mkoba wake. Nilipofungua mkoba, kadi yake ya kliniki ilikuwa juu, imekunjuka, na kwa wino mwekundu waliandika kwamba sukari haishuki tena kwa chakula wala vidonge, aanze sindano. Tarehe ilikuwa ya miezi miwili nyuma. Niligeuka, yeye alikuwa amesimama mlangoni kwa mguu mmoja, ameshika fremu.

"Umesoma," akasema.

"Nimesoma, Mwalimu."

"Kaa chini." Nikakaa. Naye akakaa, akavuta pumzi. "Nikianza sindano, Tumpe, nitasimamaje pale mbele? Watasema nilikuwa nakula kwa siri. Au watasema somo ni uongo, na yule aliyeacha pombe ataanza tena. Unadhani hawangojei? Watu wanangoja."

"Lakini wameandika uanze."

"Wameandika. Na mimi naomba. Naongeza kutembea, napunguza ndizi. Mungu ananishughulikia taratibu, siwezi kumharakisha." Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa mkavu, wa moto. "Ya humu ndani hayatoki. Si kwa Mzee Asajile, si kwa Atu, si kwa jirani. Ikizidi nitasema mwenyewe. Niahidi."

Nikaahidi. Kwetu mtoto aliyepokelewa kwenye nyumba ya mtu hasemi ya nyumba hiyo. Akiyasema ataitwa mmbea hadi anazeeka, na mlango ule haufunguki tena kwake. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Lakini nisijifiche nyuma ya mila, kuna watu wamezivunja kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Kuanzia siku ile nikawa mhudumu wa kidonda. Tulisaga mkaa, tukauchanganya na maji, tukaufunga kisiginoni kwa kitambaa safi, mara mbili kwa siku. Tukajaribu asali. Tukajaribu papai bichi. Kidonda kilikuwa hakimuumi, na mimi mjinga nilidhani kisichouma kinapona. Kila nilipokifungua kilikuwa kimepanuka kidogo, kama mtu anayesogeza mpaka wa shamba usiku usiku asionekane. Mwalimu alikuwa anaimba wakati namfunga. Anaimba kweli, si kwa kujikaza, na akimaliza ananiuliza jedwali la saba. Nilikuwa namchukia kwa kuimba kule. Nilikuwa natamani alie mara moja tu, anung'unike, avunje sheria yake mwenyewe ya mlangoni, ili nami nipate ruhusa ya kukimbia barabarani kupiga kelele. Hakulia. Akasimama pale mbele wiki baada ya wiki, akafundisha faida za jua, na watu wakaandika kwenye daftari. Mimi kwenye benchi la nyuma nilikuwa nautazama mguu wake wa kulia tu, viatu amevikanyaga visigino vikawa kama kandambili, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini Mwalimu, mtu wa kiatu kilichofungwa kamba vizuri, amekuwa mzembe.

Nilijaribu. Kwa haki yangu niseme nilijaribu, hata kama kujaribu kwenyewe kulikuwa kwa woga. Nilimfuata Mzee Asajile baada ya ibada, anafunga dirisha. "Mzee, mtu akipungua sana, ni vizuri bado?" Akanitazama kwa upole, akadhani nazungumzia mwili wangu. "Binti, kupungua ni neema. Usiogope. Mtu anapungua mpaka anafikia mwili alioumbiwa." "Na akiupita?" Akacheka, mara ya pekee niliyomwona anacheka, akasema wasichana wa siku hizi wana maswali. Akaenda zake na funguo zake. Mwambie nini tena mtu kama huyo? Alikuwa mtu mwema. Wote walikuwa wema, ndiyo taabu yake, hapakuwa na mbaya wa kumpigia kelele.

Aliyeona alikuwa Mama Zuhura. Alikuwa jirani yetu, Mwislamu, ana duka la rejareja lililopakana na ukuta wetu, na alikuwa mtu wa kwanza pale mtaani kumiliki simu ya mkononi. Nilikwenda kununua mafuta ya taa. Hakunipimia. Aliweka chupa chini, akaniuliza, "Binti, huyo Mwalimu wako anakunywa maji kiasi gani?"

"Mengi. Ndivyo somo linavyosema."

"Na chooni kuna sisimizi?"

Uso wangu ulimjibu.

"Astaghfirullah," akasema taratibu. "Marehemu mama yangu alianza vivyo hivyo. Watu wanamsifu, mashallah umepungua, umependeza. Huko si kupungua, binti, ni kukauka. Mimi nikimwambia atasema nauonea wivu Ukristo wake, kwa hiyo siwezi. Wewe unaweza. Namba ya Atu, mwanawe, ninayo, alinipa mwenyewe." Na kabla sijakataa alikuwa ameshabonyeza, amenisukumia simu sikioni. Ikaita.

"Haloo?" Sauti ya Atu, nyuma yake kelele za ofisini.

"Shikamoo dada. Ni Tumpe, wa kwa Mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini? Mama ana shida?" Hakunipa nafasi. "Tumpe, kama anaumwa niambie. Nakuja kesho hiyo hiyo namchukua, nyumba tunafunga, anakuja kukaa kwangu. Nimeshachoka kumbembeleza. Anaumwa?"

Mama Zuhura alikuwa ananitazama, mikono ameibana kifuani. Nje mvua ilikuwa imeanza. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, kavu, yenye adabu, ikisema, "Hapana dada. Ni mzima wa afya. Anakusalimia tu."

Mama Zuhura alichukua simu yake. Hakunigombeza. Alinipimia mafuta, akafunga chupa kwa kipande cha gunzi, akageukia mteja mwingine, na toka siku ile hakuniuliza tena lolote.

Mwisho wa mwezi wa saba tulipanda kwenda kanisani taratibu sana. Mwalimu alisimama mara nne njiani akisema anatazama mandhari, na ukungu ulikuwa mzito, hakuna mandhari. Nilimwambia, "Mwalimu, leo usipimwe." Akasema, "Nisipopimwa wataanza kuuliza." Nikasema, "Waache waulize." Akasema, "Tumpe, uliniahidi." Basi. Ushuhuda wake siku ile ulikuwa mfupi, alikuwa anashika ukuta. Kisha akaenda kwenye kibao, akakaa, akashika kamba kwa mikono yote miwili. Kina mama walikuwa wanatabasamu, wamejiandaa kuitikia. Akanyanyua miguu. Mzee Asajile akakodoa macho, akasoma, "Mwalimu wetu, kilo arobaini na nane! Ameshuka sita!" Na baraza zima likapaza, "Amina!" Na kiatu cha kulia kikadondoka.

Kitambaa kilikuwa kimelowa, cheusi kwa mkaa, na kilikuwa kinadondosha matone sakafuni. Harufu ilikuja baada ya hapo. Mimi nilishaizoea, wao hawakuwa wameizoea. Yeye aliendelea kushika kamba, miguu imenyanyuliwa, ananing'inia, kwa sababu alijua akiishusha ataanguka. Hakuna aliyesogea. Nadhani ile amina ilikuwa bado iko vinywani mwao, hawajui waipeleke wapi. Kisha Mzee Asajile, yule yule mkavu, akaitupa kalamu, akamkumbatia Mwalimu mzima mzima kutoka kwenye kibao kama mtoto, akaanza kukimbia naye kwenye mvua kuelekea barabarani huku analia kwa sauti, "Tulikuwa tunashangilia! Kyala, Mungu wangu, tulikuwa tunashangilia!"

Hospitali walimkata mguu chini ya goti. Nesi alikuwa mama mnene, amechoka, alitoka korido akauliza, "Nani anaishi na huyu mgonjwa?" Kina mama wote wa somo la afya walikuwa pale, wamelowa, wamebeba chupa za uji. Wakanigeukia mimi. Nikanyanyua mkono kama niko darasani. "Na ulikuwa huoni?" akauliza. Hakuuliza kwa ukali, aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Jioni Atu akafika kutoka Mbeya, akanikuta ngazini. Alisema, "Uliniambia mzima." Nikasema, "Ndiyo, dada." Akasubiri niongeze kitu. Alipoona siongezi akanipita.

Walinikubalia kumwona siku ya nne, mchana, muda wa kupeleka chakula. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta amevunjika. Nilitaka, nikisema kweli, kumkuta amevunjika, ili niweze kumhurumia na yaishe. Alikuwa ameegemea mito, amefungwa kitambaa cheupe kichwani, anakula ndizi kwa kijiko. Wameshaanza kumchoma sindano na macho yake yalikuwa yamerudi. "Kamwambie Mzee Asajile," akasema, "safari hii nimepungua kilo nyingi kwa mkupuo. Aitikie amina." Na akacheka, cheko lile lile la sebuleni. Mimi nikaangua kilio, nikaweka kichwa changu kitandani, mahali ambapo mguu ulitakiwa uwepo. Akaniacha nilie. Alimaliza kula, akamshukuru Mungu kwa Kinyakyusa, pole pole, kwa ajili ya ndizi, kwa ajili ya nesi, kwa ajili ya mguu uliobaki, nami nilisikia kwamba haigizi. Alikuwa na furaha. Amekatwa mguu, ameaibika mbele ya kanisa zima, na kile alichokuwa anakifundisha kilikuwa bado kimo ndani yake. Sijawahi kuelewa. Kisha akaweka mkono kichwani kwangu.

"Tumpe. Nilikuwa mgonjwa, na nilikuwa na kiburi. Mtu wa namna hiyo anasema lolote. Wewe hukuwa mgonjwa. Kwa nini ulinitii?"

Hakuwa ananilaumu. Aliuliza kama alivyokuwa ananiuliza jedwali la saba, kwa subira, akijua jibu lipo.

"Sijui, Mwalimu."

"Basi. Siku ukijua, uje uniambie. Sina haraka."

Wiki iliyofuata Atu alifunga nyumba akamchukua Mbeya kwa miezi michache, na mimi nikarudi Kisiba, kwenye kitanda cha watatu. Baadaye Mwalimu alirudi Ibighi na magongo yake. Wanasema alifundisha somo la afya miaka yote iliyofuata, ameketi, na kwamba alikuwa anajichoma sindano mbele ya darasa, bila kukatisha sentensi, ili kila mtu aone. Mizani Mzee Asajile aliirudisha kwenye chai. Mimi nilipita Ibighi mara nyingi, kwa misiba, kwa harusi, na nikifika usawa wa duka la Mama Zuhura nilikuwa nageuzia uso upande wa pili.

Na jibu nilikuwa nalo toka pale pale kitandani, machozi hayajakauka. Hasira yangu ni kwa hilo, na ni kwangu mwenyewe. Mila nilizitaja, ahadi niliitaja, lakini si hizo. Nilimtii kwa sababu Atu alisema atafunga nyumba. Nilikuwa na chumba. Nilikuwa na dirisha, na uji wa saa moja, na mtu anayenifundisha bila kunipiga, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa naamka nimefurahi. Alinifundisha kwamba furaha inaweza kudumu, nami nikataka yangu idumu, hata wiki moja zaidi, halafu nyingine, na bei yake ilikuwa inaoza mbele ya macho yangu na mimi naifunga kitambaa. Ningemwambia angenisamehe kabla sijamaliza sentensi. Nilimjua. Angecheka, angeniwekea chakula. Hicho ndicho nilichokiogopa miaka yote hii, na alikuwa pale pale barazani kwake, mtu yeyote angeweza kuingia. Sikwenda.